Baba anataka kuuza shamba la miti ili mdogo wangu akacheze kikapu nje, na Novemba ana mtihani wa kidato cha nne. Nishaurini

Dada wa Mafinga (mwanzisha uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Naandika nikiwa dukani Makambako, upepo wa Agosti unavuma na wateja hakuna, nikaona nilitoe hili jambo maana usiku silali.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 17, yuko kidato cha nne, shule ya serikali kule Mafinga. Urefu wake mita 1.96 na bado anarefuka. Pasaka tulimpima kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mwezi wa saba alama ikawa imepanda tena. Anacheza kikapu. Alianza akiwa na miaka 13 kwenye kiwanja cha saruji kilichopasuka katikati, goli moja halina wavu, lingine ubao wake ni mbao alizopigilia fundi wa pale pale mtaani. Mpira waliokuwa wakitumia ulikuwa umechakaa hadi umekuwa laini kama ngozi ya ndizi.

Simsifii kwa kuwa ni damu yangu. Mashindano ya wilaya timu yake ilifunga pointi 47, na yeye peke yake alikuwa na 31. Mwaka jana alichaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Siku akicheza, watu wanatoka sokoni kuja kuangalia, mafundi wa mashine za mbao wanakuja na vumbi lao kichwani. Wazee ambao hawajui hata sheria moja ya mchezo ule wanamwita kwa jina. Mimi ndiye ninayemnunulia viatu. Anavaa namba 47, naagiza mtumba soko la Mwanjelwa, Mbeya, na wakati mwingine nasubiri miezi mitatu ndipo vinapatikana.

Mwezi Juni alijitokeza mtu aliyeona video yake. Anajiita wakala. Anasema amemtafutia shule Marekani, atasoma na kucheza, kila kitu bure, ila tutoe shilingi milioni 4.5 za nyaraka na za kushika nafasi. Mwisho wa kulipa ni tarehe 30 Septemba na safari ni Oktoba. Jina la shule hajatupa, anasema ni siri mpaka malipo yakamilike kwa sababu kuna wengine wanaitaka nafasi hiyo.

Baba ana eka mbili za paini. Alizipanda mdogo wangu akiwa darasa la tatu, akamshika mkono akampeleka shambani akamwambia, "Hii ndiyo ada yako ya chuo." Sasa amepatikana mnunuzi wa milioni 5 kwa shamba zima, na baba amekubali. Bado kuandikishana tu.

Mama kanyamaza. Mimi nilisema tusubiri, na sasa nyumbani naonekana nina wivu kwa kuwa mimi niliishia kidato cha nne. Mtoto mwenyewe hafungui daftari tena, anasema mtihani wa nini wakati anaondoka. Juzi aliniambia, "Dada, ukiliharibu hili sitalisahau maisha yangu yote." Nililia kwenye basi kutoka Mafinga hadi hapa.

Naomba mnisaidie. Nitajuaje kama huyu mtu ni wa kweli? Na kama si wa kweli, kijana wa namna hii kutoka mji mdogo kama wetu anapitia wapi? Sitaki kumzuia. Nataka afike.

Kibao cha Tunduma

Dada, mtu anayekuficha jina la shule ni tapeli. Msitume hata shilingi.

Senta wa Soweto

Pole dada yangu. Hili nimelipitia kwa miguu yangu, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Mimi ni wa Mbeya. Nilikuwa "yule mrefu" wa shule yetu. Nilichezea mkoa kwenye Taifa Cup, mashindano ya timu za mikoa, na mtaani kwetu Soweto nilikuwa sinunui chipsi, napewa. Nina mita 1.93. Nilimaliza kidato cha nne kwa kuchechemea kwa sababu muda wote nilikuwa uwanjani, kisha nikaitwa Dar kujiunga na timu moja ya ligi ya mkoa, BDL. Nilipanda basi nikijua nimeshatoka.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilielewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia. Mbeya nilikuwa nasimama chini ya goli, napewa mpira juu, nageuka nafunga. Hakuna aliyenifikia. Dar nilikuta watu watano wenye urefu wangu, na wawili kati yao walikuwa wanakimbia na mpira kama wafupi. Kocha akanitoa chini ya goli akaniweka pembeni, na pembeni sikujua kitu. Mkono wa kushoto sikuwa nao kabisa. Kutupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, ule wa mita 6.75, mpira ulikuwa haufiki hata kwenye chuma. Miaka saba niliyocheza nyumbani hakuna aliyenifundisha hayo kwa sababu hayakuhitajika ili tushinde.

Nilicheza misimu mitatu. Nilikuwa napata nauli na chakula cha siku ya mechi, na mara chache posho. Nililala kwa binamu yangu Mbagala, yeye na mkewe na watoto wawili, chumba na sebule. Msimu wa tatu goti la kulia likaniacha. Timu haikunifukuza wala haikunitibu, niliacha tu kuitwa. Nilirudi Mbeya na begi lile lile.

Najua inaumiza kusoma, lakini sikuambii haya ili mdogo wako aache. Nisingekubali mtu aninyang'anye miaka ile mitatu. Nakwambia ili umwangalie vizuri anapocheza. Mafinga yeye ni mrefu kuliko wote. Dar ana wenzake. Marekani, kwa mita 1.96, atachezeshwa pembeni, mbali na goli, pamoja na wale wanaokimbia na mpira. Michael Jordan alikuwa na mita 1.98 na hakuwa mtu wa chini ya goli. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoto si pointi 31 alizifungaje. Muulize anaweza kuvuka kiwanja chote na mpira mkono wa kushoto huku mtu amemkaba? Anaweza kutupa mitupo kumi nje ya mstari wa tatu akapata minne? Kama jibu ni hapana, hiyo ndiyo kazi ya miezi kumi na miwili ijayo, na haihitaji milioni 4.5. Inahitaji mpira mzima, ufagio wa kusafisha kiwanja na mtu wa kumkaba.

Mimi nilirudia mitihani nikiwa na miaka 24, nimekaa dawati moja na watoto. Sasa ni mwalimu. Hilo lilikuwa gumu kuliko goti.

Mti Mrefu

Mimi kikapu sikijui. Ninachojua ni miti, nipo kwenye biashara hii Mufindi na Kilolo tangu ujana.

Paini ya miaka minane haijakomaa. Mkiikata leo mnatoa ubao mwembamba, wenye vifundo, mnunuzi atalia sokoni na ndiyo maana amewapa bei hiyo. Mti huohuo ukiachwa ufike miaka kumi na tano na kuendelea, unanenepa kwa namna ambayo miaka ya mwanzo huioni, na bei inahesabiwa kwa unene. Miaka minane ya kwanza mti unapanda juu. Pesa inakuja ukianza kupanuka. Mzee kashapita sehemu ngumu yote, kupalilia, kupogoa, kulinda moto wa kiangazi, halafu anamwachia mtu mwingine avune.

Kama kweli kuna shida ya hela, mwambie mzee apunguzie. Atoe ile myembamba na iliyopinda, auze kwa fito na nguzo ndogo, shamba libaki na linakua vizuri zaidi. Fedha atakayopata itatosha mambo madogo ya mtoto. Lakini asiandikishane na mtu shamba zima. Mwambie amwite bwana misitu alipime kwanza, ndipo wazungumze bei.

Nilizuiwa

Samahani, nitakwenda kinyume na wenzangu. Mimi nilikuwa na nafasi, si ya kikapu, ya riadha. Baba yangu aliizuia, akasema mbio si kazi. Nina miaka 41 sasa na kila nikiona mbio kwenye televisheni natoka nje. Watu wanasema tapeli, tapeli, lakini hata Hasheem Thabeet angezuiwa na ndugu zake tusingemwona NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, na 2009 akachaguliwa wa pili katika wachezaji wote wa mwaka ule, na timu ya Memphis Grizzlies. Kuna watu lazima walimwamini. Dada, jihadhari, lakini usiwe wewe ndiye mlango uliofungwa.

Senta wa Soweto

Ndugu yangu Nilizuiwa, nimekusoma na nimekuelewa. Ila Hasheem tumweleze kikamilifu. Ana mita 2.21, urefu ambao ukitokea popote duniani makocha wanapanda ndege. Na hakuruka darasa. Alitoka sekondari ya Makongo, Dar, akaingia sekondari Houston, Cypress Christian, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut misimu mitatu, ndipo akaingia NBA. Njia yake yote ilipita shuleni.

Mbali na Nyumbani

Dada, mimi nasoma Marekani. Sichezi, lakini miaka miwili nimekaa bweni moja na wachezaji, wawili wao Waafrika waliokuja kwa ufadhili, na nimewauliza maswali haya haya.

Karatasi ya kuombea visa ya mwanafunzi inaitwa I-20. Inatolewa na shule yenyewe, na inaandikwa jina la shule, jina la mtoto, gharama za mwaka na nani anazilipa. Wakala hawezi kuitoa. Baada ya hapo kuna ada ya serikali yao, SEVIS, dola 350, unalipa mwenyewe kwenye tovuti yao na unapata risiti. Ada ya visa nayo inalipwa kwa utaratibu wa ubalozi. Hakuna hatua hata moja ambayo hela inapita kwenye namba ya simu ya mtu. Masharti ya visa kwa Watanzania nayo hubadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozi moja kwa moja, msimsikilize mtu yeyote, hata mimi.

Jambo la pili. Shule za sekondari huku zinafungua Agosti au mapema Septemba. Mtoto wa kufika Oktoba anaingia darasani wenzake wakiwa wameshasoma majuma. Shule makini inayomtaka mchezaji isingepanga hivyo. Tena sekondari ya umma hairuhusiwi kumpokea mwanafunzi wa kigeni mwenye visa ya F-1, yaani hiyo ya mwanafunzi, zaidi ya miezi 12, na hata hiyo lazima gharama yote ilipwe. Kwa hiyo lazima iwe shule binafsi, na orodha ya shule zinazoruhusiwa iko wazi kwenye intaneti. Mwambie huyo bwana awape jina tu. Jina halina thamani ya kuibiwa.

La tatu, na hili watoto wengi wanaumia nalo. Akitaka baadaye kuchezea chuo kikubwa chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huku, wanakagua masomo ya msingi 16 ya sekondari, na kwa mtu wa nje wanataka vyeti vya mitihani ya taifa. Mtoto aliyekimbia mtihani wa NECTA wiki chache kabla ya kuufanya anajikata mguu mwenyewe. Na asisaini karatasi yoyote inayompa mtu asilimia ya mapato yake ya baadaye. Hiyo peke yake inaweza kumfungia mlango wa chuo.

Na akibadilisha hadithi akasema sasa si shule bali ni klabu, jueni kwamba FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haikubali uhamisho wa kimataifa wa mchezaji ambaye hajafikisha miaka 18, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Shirikisho letu la kikapu, TBF, lazima lihusike. Waulizeni TBF kama wanamjua.

Dada wa Mafinga

Mungu awabariki. Nimesoma kila mmoja, mengine nimeyasoma mara tatu.

Senta, nilimpigia mdogo wangu nikamuuliza la mkono wa kushoto. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nani kakwambia?" Nikajua umempiga penyewe.

Jana nilimpigia yule wakala nikamuuliza jina la shule kwa upole kabisa, nikamwambia mzee anataka kuliombea. Akawa mkali. Akasema sisi watu wa kijijini ndiyo maana watoto wetu hawafiki popote. Baada ya nusu saa akampigia baba, akamwambia nafasi inakwenda kwa mtoto wa Arusha na kwamba binti yake anaharibu. Baba sasa haongei na mimi. Nifanyeje na baba?

Mama Wawili, Njombe

Mwanangu, pole. Hapo kosa lako ni moja tu, kumpinga baba yako mbele ya watoto. Mzee wa kwetu akishasema jambo sebuleni, kulirudisha ni kama kuvua shati mbele za watu.

Usirudi kwake wewe. Mtafute baba yako mkubwa, au mjomba mmoja anayemheshimu, mpe maneno haya yote yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, siyo kwenye simu. Aende asubuhi, wakae shambani, siyo nyumbani. Wakiwa chini ya ile miti yenyewe. Na asianze na tapeli. Aanze na mti, kama alivyoeleza yule ndugu, maana hilo baba yako analijua kuliko sisi sote. Akishakubali kwamba mti haujakomaa, mengine atayafikia mwenyewe bila kuambiwa kwamba alikosea.

Na wewe mpigie umsalimie tu. Kila siku. Usitaje jambo hili.

Mwl. wa Michezo

Nafundisha sekondari mkoani Iringa na nimepeleka timu UMISSETA mara kadhaa. Kwa kijana huyu ningefanya hivi.

Afanye mtihani. Siyo kwa sababu ya heshima, ni kwa sababu kila mlango wa mchezo huu nchini unauliza cheti. Timu za majeshi, kama JKT, zimewapa wanamichezo wengi ajira, na cheti cha kidato cha nne kinasaidia kwenye maombi ya kujiunga. Vyuo ndivyo vyenye viwanja na wachezaji wa kukabana nao. Akipata kidato cha tano, ana miaka mingine miwili ya UMISSETA, na anaingia chuo akiwa na miaka 20, mwili umekamilika.

Baada ya mtihani ana likizo ndefu, Novemba hadi matokeo ya Januari na kuendelea hadi Julai wakichaguliwa. Hiyo ndiyo miezi ya dhahabu. Mafinga mpaka Iringa mjini ni kilomita kama 80. Vijana wa vyuo vya Iringa wanacheza, na kituo cha Don Bosco kina historia ndefu ya kulea vijana kwa michezo. Akae kwa ndugu, acheze na watu wazima wamsukume. Nendeni pia ofisi ya michezo ya mkoa mkaandikishe jina lake kwa ajili ya timu ya Taifa Cup, wasisubiri kumkumbuka.

Wakati huohuo shughulikieni cheti cha kuzaliwa na pasipoti kwa mkono wenu. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Siku nafasi ya kweli ikija, mara nyingi inakuja kwa haraka, na aliye na pasipoti ndiye anayeitwa. Lakini nyaraka halisi zisitoke nyumbani kwenda kwa mtu.

Video nazo zirekodiwe upya. Zile za kudanki kwa watoto wa futi tano hazimsaidii. Kocha anataka kuona mechi nzima, robo zote nne, pamoja na mipira aliyopoteza.

Nilizuiwa

Mwalimu, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mimi niliambiwa hapana tu. Sikuwahi kuambiwa basi tufanye hivi.

Dada wa Mafinga

Ni wiki tatu sasa, nawaletea mrejesho.

Baba mkubwa alikwenda. Walikaa shambani tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, mama akawapelekea ugali huko huko. Bwana misitu alikuja siku ya pili na utepe wake. Sijui walizungumza nini kuhusu mimi, lakini jioni ile baba alinipigia, akaniuliza kama Makambako kuna mbolea, akakata. Mama anasema hakuandikishana na mnunuzi. Watapunguzia eneo la chini karibu na mto, lingine linabaki.

Wakala alipiga tena tarehe 28. Baba akamwambia, "Nipe jina la shule, niandike." Akakata simu na hajapiga tena.

Mdogo wangu siku nne hakula vizuri. Hilo sitawaficha, nilikwenda kulala nyumbani. Usiku wa pili alinionyesha kwenye simu jozi ya viatu na jina la timu alilokuwa ameshalichagua akilini mwake, akasema alikuwa amewaaga wenzake wawili. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kurudi kuwaambia haendi. Sikuwa na neno, nikakaa naye tu. Mtihani wa moko alipata chini ya alivyokuwa anapata kidato cha tatu, na ameuona mwenyewe. Sasa anasoma na mwenzake mmoja hadi saa nne usiku, na alfajiri kabla ya shule yuko kiwanjani na baridi hii ya kwetu, mkono wa kulia kaufunga kiunoni kwa kitenge cha mama, anapiga mpira kwa kushoto peke yake. Jirani alikuja kuuliza kama ameumia.

Senta wa Soweto, ameniomba namba yako. Anasema ana maswali mengi na hataki kuniuliza mimi. Ukiridhia nitumie ujumbe wa faragha.

Senta wa Soweto

Nimekutumia. Mwambie apige Jumapili jioni, nina muda. Na Desemba nitapita Iringa kwa dada yangu, nitamkaba mwenyewe kwa hili goti langu.

Dada wa Mafinga

Amesoma hapa begani kwangu. Anacheka kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Wa Mwanjelwa mliomo humu, namba 47 zikionekana naomba mnishikie. Zile alizonazo soli imeachia upande wa kidole.